Alama ya Saumu

Mwalimu wa takwimu hakutangaza alama za mtu. Aliwagawia wanafunzi wake watano, watu wazima wote, vikaratasi vilivyokunjwa, kisha akaandika ubaoni wastani wao tu: sitini na mbili.

"Umepata ngapi, Mama Nasra?" Mbaruku alimuuliza mkewe Saumu njiani.

"Hamsini na sita. Wewe?"

"Hamsini na nane," akajibu, akatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Lakini wenzao watatu walikuwa wameshamwambia zao: hamsini na tano, sitini, arobaini na tisa. Nani basi aliyeupandisha wastani? Wivu ukamkaba. Akaketi mkekani, alama ya Saumu akaiita x, akaipindua kanuni mpaka x ikabaki peke yake: wastani mara tano, toa jumla ya wale wanne.

Themanini na nane. Akarudia mara tatu, akiomba awe amekosea.

Saumu akaja na daftari, akaketi ubavuni pake. "Baba Nasra, hebu nieleweshe hili la wastani. Limenishinda."

Mbaruku akaifunika karatasi kwa viganja vyote viwili. Saumu alikuwa amemnyooshea penseli, imeshachongwa, akingoja aipokee.