Tundu la Chini ya Paa

Asubuhi hiyo Tweve alisimama nje ya chumba cha mama mkwe wake, ngazi begani, akashindwa kuiegemeza ukutani.

Jana yake alikuwa ameukandika ukuta huo kwa udongo, akaziba kila ufa, na tundu la chini ya paa akalishindilia gunia, ili mama yule asiteswe tena na baridi ya mlimani. Yote aliyafanya akiwa nje. Mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe wake, wala hachungulii. Ndiyo maana hakujua kwamba kila jioni mama yule huingiza jiko la mkaa na kulala nalo.

Alfajiri, mkewe Ezelina alimburuta mama yake hadi uani, akiwa hajitambui. Sasa mama huyo alikuwa amekaa mkekani juani, macho mekundu, akinywa maji kidogo kidogo.

“Mama, nisamehe,” Tweve alisema akitazama chini.

“Nikusamehe nini, baba? Tangu baba yake Ezelina atutoke, sijalala na joto namna ile. Umeziba vizuri mno.”

Ezelina aliingia chumbani, akalitoa jiko, akaliweka miguuni pa mumewe.

Tweve akaiegemeza ngazi ukutani, akapanda. Gunia lilikuwa limekaza. Alilivuta kwa mikono miwili mpaka likachomoka, na hewa vuguvugu yenye harufu ya mkaa ikampiga usoni.

Chini, mama mkwe wake alikuwa akijivutia blanketi mabegani.

“Baba,” aliita, “ukimaliza, utalirudishia hilo gunia?”