Habari kwa Aliye Mdogo

Tangu kituo kipya cha habari kwa kila rika na kila kabila kizinduliwe, televisheni humsomea habari aliye mdogo kuliko wote sebuleni. Humtazama usoni, kisha humletea mtangazaji wa rika lake, mwenye lafudhi ya kwao. Sikudhani, mwanafunzi wa darasa la pili, aliletewa binti wa Kisambaa aliyesuka nywele kama zake.

"Leo maji yamewatembelea watu wa bondeni," binti yule alisema akitabasamu.

Mama yake Sikudhani, Mwajabu, aliacha kukunja nguo. Bondeni ndiko alikoishi kaka yake, Shemdoe.

"Mwanangu, nenda jikoni kaangalie wali."

"Mama, ukinitoa huwa kuna mtu amekufa."

"Nenda."

Mtoto alipotoka, binti aligeuka kuwa mwanamke wa makamo aliyejitanda kitenge. Akasoma majina ya waliosombwa na maji, polepole, kama jirani aliyeleta msiba mlangoni. Shemdoe alikuwamo.

Mwajabu hakulia. Aliendelea kukunja nguo mpaka harufu ya ukoko ikatoka jikoni, kisha akamwita mtoto na kumpakata. Binti wa Kisambaa akarudi na tabasamu lake.

"Mwambie arudie," Mwajabu alimnong'oneza mwanawe. "Ile ya maji kuwatembelea watu."