Miguu ya Bibi Stamena

Kabla hapajapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga juu ya jiko la kuni. Stamena akafumbua macho, ingawa kwake kufumba na kufumbua vilikuwa sawa. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeyazima miaka minne iliyopita.

"Umeshafika, nesi?"

"Nimefika," ikajibu sauti ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua.

"Nesi gani huamka kabla ya jogoo? Tena Jumapili! Yule wa kwanza alikuwa anakuja saa nne, anakunywa kahawa yangu, anakwenda zake."

Yule wa kwanza alihamia Ujerumani wakati wa vuli, kama vijana wengi wa milima ya Rodope. Zahanati ikaahidi kuleta mwingine. Wiki mbili baadaye mlango ulifunguka alfajiri, na tangu hapo huyu alikuja kila Alhamisi na kila Jumapili, hata theluji ilipofika magotini.

Mwanamke alipiga magoti, akaweka beseni sakafuni, akachovya kiwiko majini. Miguu ya Stamena haikujua tena moto wala baridi, kwa hiyo ilibidi mtu mwingine ajue kwa niaba yake. Akaongeza kata moja ya maji baridi. Akachovya tena.

"Unaogopa kunichemsha kama kuku? Harakisha. Kesho ni kwa daktari."

Daktari alisema waziwazi: kidonda kilicho chini ya kidole gumba kisipofunga kufikia Jumatatu, mguu utakatwa. Stamena hakumwambia mtu yeyote kwamba anaogopa. Alizidisha matusi tu.

"Sakafu baridi, eeh? Nasikia unavyoburuta soksi."

Katika kijiji kile, mgeni akivua viatu mlangoni hupewa viatu vya sufu vya kuvaa ndani. Hata mkusanya kodi hupewa. Stamena hakumpa huyu hata siku moja. Alikaa tu kwenye kiti chake akifuma kwa kupapasa, sindano zikigongana, kazi ile ile tangu theluji ya kwanza.

"Unamfumia nani, bibi?"

"Maiti. Fanya kilichokuleta."

Mwanamke akachukua makasi.

"Leo ni Jumapili ya Msamaha," Stamena akasema. "Unajua nani hatakuja? Donka, huyo jirani wa nyuma ya ukuta. Mwaka wa thelathini na moja huu."

Makasi yakasimama juu ya ukucha.

"Mbuzi wake walinilia maharage yote. Mimi nikamvunja mbuzi mmoja mguu, na moyo wangu ukatulia. Siku kama ya leo mdogo huenda kwa mkubwa kuomba msamaha, na mkubwa ni mimi. Naye anadai mkubwa ni yeye! Tulizaliwa mwaka mmoja, na daftari la kanisa liliungua. Basi kila mmoja amekaa kwake anamngoja mwenzake, mpaka meno yametuishia."

"Labda kweli yeye ndiye mkubwa," mwanamke akanong'ona.

"Yule? Yule mwenye mguu wa kushoto wenye nundu! Hapo kando ya kidole gumba, kubwa kama yai la bata. Tulipokuwa wasichana tukicheza ngoma ya duara uwanjani, hakuna ambaye hakumkanyaga. Viatu vyake vyote vimepasuka upande huo. Siku akifa, nundu ndiyo itakayotangulia kuingia kaburini."

Makasi yalikaa hewani muda mrefu, ncha zake sentimita moja kutoka kwenye nyama isiyosikia kitu. Kisha yakakata, polepole, kwa mstari ulionyooka, bila kuviringa pembe, ili ukucha usije ukajichimbia ndani. Kucha kumi zote hivyo hivyo. Baada ya hapo akakausha katikati ya vidole kwa kitambaa laini, kimoja kimoja, kama mtu anayepangusa vikombe vya harusi.

Akauinua mguu mbele ya taa.

Sindano zikanyamaza.

"Sema."

Mwanamke akausogeza mguu karibu zaidi na taa.

"Sema, mwanamke we! Unanificha nini?"

"Kimefunga. Ngozi mpya kabisa. Nyekundu kama ya kitoto kichanga."

Stamena hakushukuru. Alijipangusa macho, akasema jiko linatoa moshi. Jiko halikuwa linatoa moshi.

Mwanamke alimvisha soksi zikiwa zimegeuzwa, mshono ukae nje usimchubue. Akamwaga maji, akakunja kitambaa, akashika mfuko wake na kuelekea mlangoni.

"Simama hapo. Hayo mafua yako, tangu vuli hayaponi tu?"

"Hayaponi."

"Utakufa kabla yangu, halafu nani atanikata kucha?" Stamena alikata uzi kwa jino moja lililobaki, akarusha viatu vya sufu kuelekea ilikotoka sauti. Vikaanguka sakafuni, kimoja juu ya kingine. "Vaa. Umenigandisha moyo na hizo soksi zako."

Mwanamke alivaa cha kulia. Kilimkaa sawasawa. Akaokota cha kushoto, akakigeuza mbele ya taa. Kando ya kidole gumba palikuwa pamefumwa kifuko cha duara, ukubwa wa yai la bata.

"Mkubwa bado ni mimi," Stamena akasema. "Alhamisi uje tena, Donka."