Mwanafunzi Mwepesi

Kila aliyetimiza miaka sitini alishushwa bondeni kwa parachuti, na hakuna aliyewahi kurudi. Asiyeweza kuruka aliachwa nyumbani mpaka ajue. Kobilo, mwalimu wa wanaoanza, alimfunga mama yake mikanda huku mkaguzi akiwatazama.

"Mama, ukikimbia, jikwae," alimnong'oneza. "Jifanye hujui."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikimbia kuelekea ukingoni, parachuti ikajaa upepo, miguu yake ikaachana na nyasi. Kobilo alisubiri aanguke. Badala yake alisikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu baba azikwe.

"Kobilo, ninaruka!"

"Geuka, Mama! Vuta kamba ya kushoto, urudi!"

Mama alikuwa ameshauvuka ukingo, bado anacheka. Mkaguzi alimshika Kobilo mkono, akampongeza kwa kufundisha vizuri.