Mwendo Alioufahamu Maalim Bilali

Chai ilipoanza kutetema kikombeni, Maalim Bilali aliinua kidole cha shahada kama kadhi aliyepata ushahidi.

"Umeona, mwanangu? Tumeondoka."

Mwalimu Dorotea, aliyefundisha sayansi huko Nyegezi, alikuwa ameketi naye meza moja katika ukumbi wa chini wa meli ya Bukoba. Mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia jua la mchana, na injini ilinguruma chini ya miguu yao.

Huko Bukoba vijana wa msikiti walikuwa wakimsubiri Maalim awajibu swali moja: kwa nini hatuhisi dunia ikizunguka? Jibu lake lilikuwa mkobani, utenzi wa beti sabini, vina na mizani timilifu: hatuhisi kwa sababu haizunguki.

"Lakini mzee wangu," alisema Dorotea, "hatuhisi kwa kuwa tunakwenda nayo pamoja, kwa mwendo uleule, bila mshtuko. Ziwa nalo, hewa nayo, hata hiyo chai yako."

"Labda wewe. Mimi mwendo haunifichiki. Hapa nilipo nitafumba macho na kukwambia tulipofika." Akafumba kweli, akayumba kidogo upande wa kushoto, kwa adabu ya abiria mzoefu. "Kisiwa cha Saanane hicho, kinatupita. Haya, kimeshapita."

"Baba Nurdin," mkewe Zakia akadakia, "si ufunue pazia tu utazame?"

"Nina saa mkononi, halafu nikaulize wakati barabarani?"

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Abiria kama ishirini wakamwomba awasalishe, na hapo Maalim akauonja utamu wa elimu. Aliwaeleza, kwa Kiarabu kwanza na kwa Kiswahili baadaye, kwamba msafiri aliyekwisha kuuacha mji nyuma yake ana ruhusa ya kusali rakaa mbili mahali pa nne. Kisha akawatangazia kwamba mji wameuacha.

"Una hakika?" Zakia alinong'ona. "Sala za watu wote hawa ziko shingoni mwako."

Maalim hakuwa na jambo aliloliogopa duniani kuliko kuwaharibia watu sala. Alilipima neno lile kwa muda wa pumzi moja nzima.

"Zakia, mwili huu ninao mwaka wa sabini na mbili sasa. Nisiujue?"

Akasalisha. Katika rakaa ya pili alihisi bayana meli ikikata kona kuingia ziwa kuu, naye, asije akakikosa kibla, akajigeuza taratibu kuelekea kulia. Safu mbili za waumini zikageuka pamoja naye, kwa utiifu mkubwa.

Alipotoa salamu alimtazama Dorotea kwa huruma ya mshindi.

"Umeshuhudia, mwanangu? Ingekuwa dunia inazunguka, mimi ningekuwa wa kwanza kupata habari."

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja akashuka ngazi, beseni kichwani.

"Shikamoo, mzee. Mayai ya kuchemsha, jamani, chagueni upesi nirudi zangu sokoni! Nahodha anasema sasa ndiyo anafungua kamba."