Rangi Mbichi

Mkokoteni ulipofika, Sudi alikuwa amepiga magoti uani akilipaka kabati la mkewe rangi ya mafuta. Mwatime alikuja nalo siku ya harusi, na leo alikuwa anarudi nalo kwao. Godoro na masufuria vilikuwa vimeshafungwa.

Nyange, kaka yake Mwatime, alisimama na kamba mkononi.

"Shemeji, wewe mzima kweli? Tutabebaje kitu kibichi?"

"Miaka minne ananiomba nilipake," Sudi alisema bila kugeuka. "Haliondoki kwangu limebabuka."

"Linakauka lini?"

"Kesho. Nikirudia mkono wa pili, keshokutwa."

"Na wa tatu je?"

Sudi aliendelea kupaka.

"Kesho yake naijua mimi," Mwatime alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa baibui la safari, mkoba begani. Alilizunguka kabati polepole. Rangi ilikuwa ya kijani, ile aliyoitaja mpaka akachoka. Aliinama, akanyoosha kidole nyuma ya mguu mmoja.

"Hapa umeruka."

Sudi alichovya brashi, lakini pale haikufika. Mwatime alimtazama kwa muda. Kisha akatua mkoba chini, akalishika kabati kwa mikono miwili na kuliinamisha, naye Sudi akapaka.

Alipoliachia, viganja vyake vilikuwa vya kijani. Ubavuni mwa kabati zilibaki alama za vidole kumi. Sudi alizitazama, rangi ya brashi ikimdondokea gotini, asizifute.