Mgongo wa Mzee Chambuso

Nyamizi, mtaalamu wa eksirei, alimwomba Mzee Chambuso avue shati. Wiki tatu nyuma madaktari walikuwa wamemzibua mshipa wa moyo wakiongozwa na picha za eksirei, na kazi ikachukua saa nne nzima. Baadaye Nyamizi alipiga hesabu ya mionzi iliyopiga sehemu moja ya mgongo wake, akaona ingeweza kuunguza ngozi. Hakuficha. Aliwaambia mzee na mkewe watazame kila siku.

"Kila asubuhi nilimgeuza kama chapati," alisema mkewe, Bi Sikudhani. "Sikuona kitu, lakini macho yangu haya siyaamini."

Nyamizi alisogeza taa, akapapasa polepole chini ya bega la kulia, mahali hasa alipopahofia. Ngozi ilikuwa laini, nzima.

"Panauma, Mzee?"

"Unanitekenya tu, mwanangu."

Nyamizi alicheka. "Pazima," alisema. "Tutatazama tena mwezi ujao, lakini leo pazima."

Bi Sikudhani alisogea karibu. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa mumewe, akakiacha hapo, na mzee hakunyoosha mkono kuchukua shati.